Herufi ŋ: Kutoka Herufi za Risasi hadi Majaribio ya Kompyuta

Malolo iko katika nchi ya Wamwera, upande wa Ruangwa na Nachingwea. Katika lugha yao sauti ŋ si pambo. Lyndon Harries, katika sarufi ya Kimwera ya mwaka 1950, alionyesha kwamba mzizi unaoanza na g, ukitanguliwa na nazali, hupoteza g hiyo, ikabaki ŋ peke yake. Bali k katika mahali hapo hugeuka g, ikapatikana ŋg. Kwa hiyo anayechanganya maandishi ya sauti hizi mbili huificha tofauti iliyo katika mizizi yenyewe.

Sauti ŋ imo pia katika Kiswahili, kama katika ng'ombe na ng'oa. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870, aliiandika kwa n, g na ritifaa, alama ambazo mpiga chapa wa kawaida alikuwa nazo. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyoundwa London mwaka 1926, ilipendekeza njia nyingine: herufi moja, yaani ŋ. Hata hivyo Kiswahili Sanifu, chini ya Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930, kilishika ng'. Hivyo kiliweza kuandikwa kwa taipureta ya kawaida, hali lugha zilizochagua ŋ zilihitaji herufi za pekee.

Mpanga herufi wa zamani hakukosa kuuona upungufu huo: mkono ulipokuta chumba kitupu, kazi ilisimama. Kompyuta haisimami. Katika mpango wa Unicode, ŋ ina namba yake, U+014B. Lakini namba si umbo. Fonti isipokuwa na umbo la herufi hiyo, programu huazima umbo la fonti nyingine, au hutoa umbo namba sifuri, ambalo mara nyingi ni kijisanduku kitupu.

Hatari huzidi pale programu ya kutoa hati za PDF inapojaribiwa na mashine yenyewe, pengine kwenye seva yenye fonti chache. Jaribio likiuliza tu kama faili limetoka, au kama namba za herufi zilizomo ndani ni sahihi, hupita, na huku msomaji anaona kijisanduku. Likilinganisha ukurasa na picha ya kielelezo iliyokuwa na kasoro ile ile, hupita vile vile.

Dawa yake ni kumrudisha yule mpanga herufi. Jaribio likague kila herufi katika jedwali la fonti. Likatae umbo namba sifuri. Fonti iliyochaguliwa ifungwe ndani ya hati. Na maandishi ya majaribio yawe na ŋ, Ŋ na ng'. Ritifaa nayo ichunguzwe, kwa kuwa iliyonyoka na iliyopinda zina namba mbalimbali, na mwenye kutafuta ng'ombe kwa moja aweza kumkosa aliyeandikwa kwa nyingine.

Sarufi ya Kimwera ikitolewa bila ukaguzi huo, ŋ yaweza kupotea pasipo mtu kukusudia, na kanuni aliyoieleza Harries isisomeke tena.