Walter Rodney Mbele ya Hati za Lisbon

Mwaka 1963 kijana wa Guyana, Walter Rodney, mwenye umri wa miaka 21, alitoka chuo kikuu cha Mona, Jamaica, akafika London kusomea udaktari wa historia katika Chuo cha Masomo ya Mashariki na Afrika. Alichagua pwani ya Guinea ya Juu, kuanzia mto Gambia hata rasi ya Mount, tangu 1545 mpaka 1800. Naye alikuwa wa uzao wa Waafrika waliovushwa bahari katika biashara ile ile.

Hati za pwani hiyo hazikuwako pwani. Zilikuwa Lisbon na Seville, kwa lugha za waliozichukua. Ilimpasa basi ajifunze Kireno na Kihispania, kisha aende akaketi katika nyumba za nyaraka za Ureno, nchi iliyokuwa bado chini ya Salazar, na ambayo tangu mwaka ule ule wa 1963 ilikuwa ikipigana vita Guinea-Bissau, katikati ya pwani aliyokuwa akiisoma.

Walioandika hati hizo walikuwa wafanya biashara, manahodha, mapadri na watumishi wa mfalme. Aliyeuzwa hakuandika neno. Na wakati huo vitabu vingi vilisema kwamba utumwa ulikuwa desturi ya kale ya Waafrika, na kwamba Mzungu alilikuta soko limekwisha kufunguliwa, yeye akanunua tu. Rodney akarudi kwa mashahidi wa kwanza, kama André Álvares de Almada, mtu wa visiwa vya Cape Verde aliyeandika mwaka 1594. Watu hao walieleza mpunga, nguo, wafalme na hukumu zao. Lakini tabaka la watumwa, Rodney hakuliona katika maelezo yao. Hoja yake, aliyoitoa katika makala ya mwaka 1966, ni kwamba utumwa ulioonekana huko baadaye ulikuzwa na biashara ya bahari yenyewe.

Hoja ya kimya ni hoja ya hatari, maana shahidi huenda amenyamaza kwa kuwa hakuulizwa. J. D. Fage aliipinga mwaka 1969, na ubishi haujaisha. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba shahidi huyu alikuwa mchuuzi, na mchuuzi hasahau kutaja bidhaa anayoitafuta.

Wala Rodney hakuwaficha watawala wa Kiafrika. Alionyesha jinsi walivyoshirikiana na wageni katika faida, na jinsi hukumu za makosa madogo zilivyogeuzwa kuwa njia ya kumpeleka mtu melini. Kwa mtu wa asili yake, kuandika hayo hakukuwa jambo jepesi.

London nayo ilikuwa darasa. Alihudhuria mazungumzo ya vijana wa West Indies nyumbani kwa C. L. R. James, na katika bustani ya Hyde Park alisimama akahutubia wapita njia.

Alipata udaktari mwaka 1966, umri wake miaka 24, na mwaka huo huo akaenda kufundisha Dar es Salaam. Katika mji huo FRELIMO walikuwa na makao yao, wakipigana na serikali ile ile ambayo katika nyaraka zake yeye alikuwa amekaa akinakili.