Tela Kupewa Namba Yake: Uingereza na Jirani Zake

Kwa miaka mingi lori la Uingereza lilivuka bahari hadi Ufaransa na kuendelea mbele kwa leseni moja ya Jumuiya ya Ulaya. Kura ya mwaka 2016 ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya iliutia shaka uhuru huo. Ndipo Bunge likatunga sheria ya vibali vya uchukuzi na usajili wa matela, iliyoidhinishwa Julai 2018.

Habari ya matela ni ya kale zaidi. Uingereza ilitia saini Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani mwaka 1968, ikauridhia mwaka 2018: nusu karne nzima! Nyumbani, tela lilibeba namba ya gari linalolivuta tu. Tangu Machi 2019, tela la biashara linalozidi kilo 750 lilipaswa kusajiliwa kabla ya kuingia nchi zilizouridhia mkataba huo.

Vibali ndivyo vilivyowanyima wasafirishaji usingizi. Vibali vya kimataifa vya mwaka mzima, kwa mwaka 2019, vilikuwa 984 tu. Maombi yakapita 11,000. Sheria iliruhusu hata bahati nasibu katika kuvigawa.

Kwa Jamhuri ya Ireland, Bunge lilitahadhari: kibali kisidaiwe pasipo makubaliano ya serikali zote mbili. Mpaka huo hukatwa na barabara zaidi ya 200, na vituo vyake vya ukaguzi viliwahi kushambuliwa kwa mabomu. Desemba 2020, mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya uliondoa haja ya vibali kwa safari nyingi. Namba za matela zimebaki.