Historia: Nchi maskini si zote zinazozika watoto wachanga sawa

Kila tunapozungumza juu ya uzazi kwenye redio, wamama waliohama vita wanarudi kwa swali moja: je, watoto wetu wachanga wanakufa kwa sababu ya vita na umaskini tu?

Tuanze na hesabu. Mtoto mchanga ni yule ambaye hajamaliza siku 28 tangu azaliwe. Mwaka 1990, watoto wa umri huo karibu milioni 5 walikufa duniani. Mwaka 2022 walikuwa karibu milioni 2.3. Mwaka huo, Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa wazima, Kongo ilipoteza karibu 26, Pakistan karibu 39, na Sri Lanka karibu 4.

Pakistan ina mali kuliko Kongo, lakini inazika watoto wachanga wengi zaidi. Sri Lanka nayo ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1983 hadi 2009. Basi umaskini na vita si jibu lote.

Sri Lanka ilifanya nini? Mwaka 1926, ikiwa bado koloni la Uingereza, ilifungua huko Kalutara kituo cha kwanza cha afya ya jamii. Kazi hiyo ikaenea nchini. Mkunga aliyesomea kazi alipewa eneo lake, akawajua wenye mimba kwa majina, akawatembelea nyumbani. Tangu 1945 shule zikawa za bure, wasichana wengi wakasoma. Hospitali za serikali nazo hazikudai malipo kwa mama anayezaa. Hata vita vilipokuja, mfumo huo ulikuwa na mizizi.

Historia nyingine inatoka Colombia. Mwaka 1978, hospitali moja ya Bogotá ilikuwa na watoto njiti wengi na mashine chache za kuwapa joto. Daktari Edgar Rey akaanza kuwaweka watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakinyonya maziwa ya mama. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza njia hiyo kila mahali. Haiombi umeme, na inaweza kufanyika hata chini ya hema.

Kongo pia ina ushindi wake. Mwaka 1988, pepopunda iliua watoto wachanga wapatao 787,000 duniani. Chanjo kwa wamama na wembe safi wa kukata kitovu viliipunguza sana, na mwaka 2019 nchi yetu ikatambuliwa kuwa imeishinda kama tatizo la afya ya umma. Tuliweza.

Mpango wa serikali wa kuzaa bila malipo ulianzia Kinshasa mwaka 2023. Swali kwa viongozi ni hili: mama aliyezaa njiani akikimbia risasi atafikiwa lini?

Wakati tunangoja jibu, mama mwenye mimba asikose chanjo yake. Mtoto akizaliwa, apate joto la kifua na titi ndani ya saa ya kwanza. Akikataa kunyonya, akiwa na homa, akiwa baridi au akipumua kwa shida, apelekwe kwa muganga siku ileile. Usingoje kesho.