Diski ya SSD: Chunguza madabodi kabla ya kulipa

MMILIKI wa saiba mjini Ruiru ambaye diski ya tarakilishi yake inakufa wiki ya mwisho ya Juni, wateja wakiwa wamepiga foleni kuwasilisha ripoti za ushuru kwa KRA kabla ya tarehe 30, hana muda wa kukosea. Hukimbilia duka la karibu au kuabiri matatu hadi Luthuli Avenue, Nairobi, akalipia SSD ya kwanza anayoonyeshwa. Akirejea, huenda akapata kwamba haiingii. Au inaingia vyema, ila mashine haiitambui. Nayo risiti imeandikwa kuwa bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Hasara hiyo huepukika iwapo mnunuzi atajua kwanza ubao mkuu wa tarakilishi yake, almaarufu madabodi, unakubali diski ya aina gani.

SSD haina sahani inayozunguka, bali huhifadhi data ndani ya chipu. Aina ya kwanza ni kijisanduku bapa cha inchi 2.5 kinachounganishwa kwa kebo ya SATA, na husoma data kwa kasi ya takriban megabaiti 550 kwa sekunde. Aina ya pili ni M.2, kipande chembamba mfano wa ubale wa chingamu, ambacho kwa kawaida kina upana wa milimita 22 na urefu wa 80.

Hapa ndipo wengi hunaswa. M.2 ni jina la umbo tu. Ndani ya umbo hilo mna diski zinazotumia SATA na nyingine zinazotumia NVMe, ambazo kasi yake yaweza kupita megabaiti 3,000 kwa sekunde. Aghalabu ya SATA huwa na mapengo mawili kwenye meno yake ya shaba, na ya NVMe pengo moja. Hata hivyo, mapengo si ushahidi tosha: M.2 ya SATA huweza kuingia barabara katika tundu lililoundiwa NVMe pekee, na isionekane kamwe. Isitoshe, baadhi ya madabodi zina tundu fupi linalofanana na hilo, lakini ni la kadi ya Wi-Fi.

Tarakilishi nyingi za mezani katika ofisi, shule na saiba za Thika na Ruiru ziliingia nchini zikiwa zimetumika ng'ambo. Chukua mfano wa Dell OptiPlex 7010 ya mwaka wa 2012. Haina tundu la M.2. Ina matundu ya SATA, na yaliyoandikwa SATA0 na SATA1 ndiyo yenye kasi kamili. Mengine hutoa nusu yake. Mwaka wa 2023 kampuni hiyo ilitumia jina lilo hilo kwa mashine mpya kabisa yenye tundu la M.2. Kumwambia muuzaji "nataka SSD ya 7010" hakutoshi basi. Mpe nambari ya utambulisho iliyobandikwa kwenye kasha, au bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike msinfo32, usome jina la madabodi, kisha utafute kijitabu chake kwenye intaneti. Kijitabu hicho pia hueleza iwapo kutumia tundu la M.2 kutazima tundu mojawapo la SATA.

Wapo mafundi wanaopendekeza kadi ya kuunganishia NVMe kwenye mashine kuukuu. Data itasomeka, lakini mashine nyingi za kabla ya 2014 haziwezi kuwakia kutoka kwa diski hiyo. SSD ya SATA ya gigabaiti 240 yatosha, hasa kwa kuwa Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na mashine za umri huo hazitambuliwi rasmi na Windows 11. Kumwaga fedha zaidi humo ni israfu.

Diski ya zamani nayo isiuzwe kiholela. Ile ya saiba hubeba nakala za vitambulisho na nambari za PIN za wateja, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi habari hizo azilinde. Ifutwe kabisa, ikiwa haiwaki tena, itobolewe kwa keekee hadi kwenye sahani.