Majina Juu ya Maduka ya Jinja

Ukipita Main Street hapa Jinja, Uganda, tazama juu ya mapaa ya baraza. Utaona ukuta umepambwa maua, na katikati, kwa herufi za saruji, jina la mwenye nyumba na mwaka alioijenga. Mbale nako, mitaa ya zamani ya biashara ina nyumba za mtindo huo huo.

Waliozijenga ni Wahindi waliotoka Gujarat na Kutch, wakaifuata pamba. Allidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo, alieneza maduka yake hadi Uganda. Reli kutoka pwani ilifika Kisumu, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1901, na mwaka 1912 reli ya Busoga ikaunganisha Jinja na Namasagali. Mbale ilikuwa na pamba ya tambarare na kahawa ya Mlima Elgon. Katika nyumba zao duka lilikaa mbele. Nyuma yake ua, jiko na vyumba vya familia.

Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa fundi. Tulikaa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa kila kabila, Kiswahili kikatuunganisha. Baba aliweka Singer yake barazani kwa Mhindi muuza nguo. Mteja alinunua kitambaa ndani, akashonewa nje. Mama wa Kisoga akitaka gomesi, lile vazi letu la kina mama, mke wa mwenye duka alifungua jora juu ya meza, akapima, akakata, akamkabidhi baba. Gomesi yenyewe, wanasema wazee, ilianzia kwa Gomes, fundi Mgoa. Chai iliyotoka uani ilikuwa na tangawizi na iliki, na kwetu bado inapikwa hivyo.

Agosti 1972 Idi Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke. Maduka yakaangukia watu tuliowaita mafuta mingi, bidhaa zikaadimika, magendo yakatawala. Katika miaka ya 1990 serikali ya Museveni ikawarudishia wenyewe mali zao. Wapo waliorudi, wapo waliouza wakiwa huko huko ughaibuni.

Sasa vijana wanapiga picha majina yale, wanayaweka mtandaoni, na jioni hiyo hiyo yanasomwa Leicester na Toronto, walikohamia baadhi ya waliofukuzwa. Familia zilizotawanyika hutakiana Diwali kwa video. Cross-Cultural Foundation of Uganda imetoa hata programu ya simu ya majengo ya kale, na ya Jinja yamo. Ni kazi njema, naishukuru.

Lakini historia inayokusanywa simuni mara nyingi hufika 1972, kisha inaruka hadi Wahindi waliporudi. Miaka ishirini ya katikati inakosa sura. Ndani ya nyumba zile walikaa mafundi, wauza chumvi, wajane na watoto wao. Walipaka chokaa kuta zile zile, wakaziba mapaa kwa vipande vya bati. Bila wao, nyumba nyingi zingekuwa vifusi. Na mengi ya Kihindi yaliyobaki hapa yalibaki mikononi mwao: chapati iliyopikwa uani leo inakunjwa na mayai barabarani, inaitwa rolex, na Wasoga ndio wanaosifiwa kuianzisha.

Kwa hiyo wewe mwenye picha ya baraza la Jinja au Mbale ya miaka ile, itoe sandukuni. Waulize wazee majina ya waliomo, yaandike yote, uiweke pale pale mtandaoni zinapowekwa picha za familia za Leicester. Fanya hivyo mwaka huu, wazee wangalipo.