Utando
Mwanafunzi wa Tunduma abanduaye kijiganda chembamba cha kitunguu akakitazama kwa hadubini huona vyumba vilivyopangana, mithili ya vile ambavyo Robert Hooke, mwaka 1665, aliviona katika gome la mti, na ambavyo leo twaviita seli. Ila kuta zile azionazo, aghalabu akazidhani ndizo utando wa seli, sizo. Utando wenyewe, ambao Gorter na Grendel walibaini mwaka 1925 kuwa ni tabaka mbili za mafuta, hadubini ya shule haiufikii. Neno hili, lililozoeleka kwa maziwa na buibui, naliona bora kuliko “ngozi”, japokuwa halidokezi kazi yake ya kiforodha, kama ya pale mpakani mwa Tunduma na Nakonde: maji hupenya, ilhali sukari hungoja kuvushwa na protini, ambazo Singer na Nicolson, mwaka 1972, walieleza kuwa zaelea katika mafuta hayo.