Timazi Ndani ya Ndoo ya Mafuta

Upimaji wa migodi nilifundishwa na mzee aliyeanzia kwenye mgodi wa zamani wa Geita, ule uliofungwa 1966. Ili kupeleka mwelekeo wa ramani ya juu hadi mahandakini, yeye na wenzake walishusha nyaya mbili kwenye shimo la kushukia, kila moja ikiwa na timazi zito lililozamishwa kwenye ndoo ya mafuta lisiyumbeyumbe. Feni zilizimwa. Mmoja alisoma theodolaiti kwa mwanga wa taa, mwingine akaandika kwa penseli, maana wino haustahimili maji yanayodondoka. Nyaya zikiachana mita 3, kosa la milimita 1 hukua na kuwa sentimita 33 ukifika kilomita moja mbele. Mzee hakuwa na haraka, na mimi namwelewa.

GPS ilipokamilika 1995, kazi ya juu ikawa rahisi, ila ilikuja na kizaazaa chake. Ramani zetu zilitumia mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, mashine mpya ikatumia WGS 84. Ukiichanganya mifumo hiyo, nukta ileile inahama karibu mita 300. Kwenye mpaka wa leseni ya dhahabu, hiyo ni kesi mahakamani.

Siku hizi droni inapiga picha lundo la mawe na kompyuta inakokotoa ujazo wake. Zamani vijana walilipanda wakiwa na fimbo za kupimia. Lakini chini ya ardhi mawimbi ya setilaiti hayafiki. Skana ya leza inakusanya mamilioni ya nukta kwa dakika chache, lakini inaanzia kwenye msumari uliopigiliwa darini na mpimaji.